Picha Miguuni pa Mpanzi

Shule ya Msingi Kaylumot,
Marinduque
6 Oktoba 1996

Mpendwa Anselmo,

Mama yako, ambaye kila akipita shuleni hunitangazia habari zako kama anayesoma taarifa ya serikali, ameniambia kwamba Chuo kimekuajiri kuwaongoza wageni. Unawapeleka makumbusho, bustanini na kwenye ghala la mpunga, unawaeleza, nao wanakusikiliza. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Nilikufundisha darasa la sita na sikumbuki siku hata moja uliyomwacha mtu amalize sentensi yake. Leo watu wanapanda basi kutoka Manila kuja kukatizwa na wewe. Hongera, mwanangu.

Nina ombi. Februari nataka kuwaleta watoto wa darasa la sita katika ziara ya masomo, kama nilivyowaleta ninyi mwaka 1987. Wako thelathini na wanne, na wengi hawajawahi kuvuka maji hata kufika Lucena. Machi nastaafu, kwa hiyo hii ndiyo ziara yangu ya mwisho, na sipendi iongozwe na mtu nisiyemjua aliyeshika kipaza sauti. Nataka uiongoze wewe.

Niandikie tutakachoona, na kwa mpangilio gani. Usisahau kwamba wana miaka kumi na miwili. Binamu yako anakuletea bati la biskuti za uwanga. Wagawie wenzako.

Mwalimu wako,
Consorcia Lagran


Ofisi ya Wageni, Chuoni,
Laguna
20 Oktoba 1996

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Kwa barua hii nauinua mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama inipasavyo. Bati limefika. Lilipofunguliwa hapa ofisini nilipoteza mamlaka yote juu yake, ila nimeweza kuokoa robo na kuificha nyuma ya ramani ya mlima.

Ombi lako limeniheshimu kuliko ajira yenyewe. Nikuambie ukweli kuhusu ajira hii: jana nilikuwa na familia moja ya Manila kwa muda wa saa tatu nzima, katika mahali penye maarifa ya kilimo kuliko mahali popote ninapopajua, nao wakaniuliza maswali mawili tu. La kwanza lilikuwa choo kiko wapi. La pili, pai ya dafu inauzwa wapi. Nilijibu yote mawili kwa ukamilifu. Baba mwenye familia akanipa mkono, akasema, "Kijana, unajua mambo mengi sana!"

Kwa watoto wako nimetengeneza njia yenye mantiki. Asubuhi tutaanza na makumbusho, tuone mifupa ya chatu na tai waliokaushwa, ili mtoto aelewe kwanza jinsi maumbile yalivyojipanga yenyewe. Kutoka hapo tutaingia bustani ya mimea chini ya mlima, kisha ghala la mbegu za mpunga, ambamo mtoto ataona mwanadamu akiyapanga upya maumbile hayo kwa ajili ya tumbo lake. Tutamalizia kwenye sanamu ya Mpanzi, mbele ya jengo kuu, ambapo maarifa yanageuka kuwa kazi ya mikono. Chemchemi za maji ya moto nimeziondoa, kwa sababu kuogelea si elimu. Pai nayo nimeiondoa. Inauzwa kila kona, na sijapata kusikia mtoto aliyehitaji kiongozi ili aione.

Mpanzi ndiye kilele. Mwaka ule ulitupanga miguuni pake, wafupi mbele, nami nikasimama nimeishika kofia ya Crispulo aliyekuwa akitapika nyuma ya ua. Niliinua macho nikauona mkono ule wa shaba ukimwaga mbegu juu ya vichwa vyetu, nikajiambia kwamba mahali hapa nitarudi. Sikurudi kwa sababu ya kitabu chochote nilichosoma, na unajua nimesoma vingi. Nilirudi kwa sababu ya siku ile. Naomba watoto hawa nao wapigwe picha palepale.

Mwanafunzi wako mtiifu, ingawa huamini,
Anselmo Luarca


Kaylumot
10 Novemba 1996

Mpendwa Anselmo,

Maji ya moto yanarudi kwenye njia, na pai inarudi. Watoto watakaa melini, kisha kwenye basi, kisha mbele yako, na mtu anayekaa mbele yako kwa saa tatu anastahili kuogelea. Hilo halijadiliwi.

Mpanzi ndiye anayetoka.

Najua utaruka, kwa hiyo soma mpaka mwisho. Zahanati yetu imepata muuguzi mpya, Bi. Dalisay, aliyesoma hapo Chuoni. Alikuja darasani kuwachanja watoto, akaiona ile picha yetu ya mwaka 1987 ukutani, akaziba mdomo kwa mkono wenye sindano.

"Jamani, Mwalimu! Mlipiga picha na Mpanzi?"

"Ndiyo. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya! Sisi tulikuwa tunapita ng'ambo ya barabara, mama, tena tumegeuza uso! Ukipigwa naye picha kabla hujavaa joho, humalizi masomo. Ng'o! Muulize yeyote."

Watoto wakacheka, nami nikacheka nao. Walipokwenda nyumbani nikabaki na ile picha. Nenita, aliyeingia chuo cha ualimu Boac, aliacha mwaka wa pili. Crispulo alianza ubaharia Lucena, akarudi kabla ya kuona injini. Wewe ulisoma kwa miaka mitano masomo ya miaka minne. Wengine hawakuanza kabisa. Niliwapanga pale kwa mikono yangu, Anselmo, nikawavuta mabega, nikawaambia msifumbe macho.

Nimeishusha picha ukutani. Unicheke ukitaka, lakini watoto hawa hawatasimama pale.

Mwalimu wako,
C. Lagran


Chuoni
24 Novemba 1996

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Sikucheki. Ila siwezi kukaa kimya mbele ya hoja dhaifu, na aliyenifunza tabia hiyo anajijua.

Tuanze na washtakiwa. Nenita hakuachishwa masomo na sanamu. Aliachishwa na Bonifacio mwenye pikipiki nyekundu, na leo ana watoto watatu na hajuti hata kidogo, nimemuuliza. Crispulo anatapika akiwa juu ya chochote kinachosogea. Ulimwona kwenye ziara, akatapika hata juu ya nchi kavu, na bado ukoo mzima ukampeleka ubaharia. Shaba ya Mpanzi ina hatia gani? Mimi nami nilianguka mtihani wa kemia mara mbili kwa kuwa nilibishana na mkufunzi juu ya njia yake ya kusahihisha. Nilikuwa na haki, na nilianguka. Matokeo hayo mawili yanaweza kukaa katika chumba kimoja.

Waliowahi kutafakari jinsi watu wanavyoamini wanasema hivi: tunahesabu mara zile jambo linapotokea, wala hatuhesabu mara zile lisipotokea. Hapa kila mwaka wanahitimu mamia ya watu waliopigwa picha pale kwa siri, na hakuna anayewataja.

Lakini tuseme nakubali imani yote, bila kupunguza. Basi nayo ina sheria zake. Nimewauliza wanafunzi wakongwe, nimewauliza walinzi, nimemuuliza mama wa mgahawa aliyeona vizazi vitatu vikihitimu, na wote wanakubaliana: Mpanzi humpata yule tu ambaye, siku ya kupigwa picha, ni mwanafunzi wa Chuo hiki. Mgeni haguswi, wala mtoto wa shule. Sasa tazama ile picha, Mwalimu. Je, mwaka 1987, miongoni mwa wote waliosimama pale, alikuwemo hata mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo? Hakuwemo. Sote tuko salama kwa mujibu wa ushirikina wenyewe. Kesi imekwisha.

Rudisha picha ukutani, unirudishie na Mpanzi wangu. Maji ya moto nimekubali. Kuhusu pai nasubiri hoja.

Wako katika haki,
Anselmo


Kaylumot
15 Desemba 1996

Mpendwa Anselmo,

Hoja yako imejengwa vizuri na nimeielewa yote. Imenitosha.

Watoto watakuja tarehe 21 Februari. Wapige picha popote utakapopenda. Ataongozana nao Mwalimu Wilfredo, ambaye ni kijana, ana nguvu na ana filimbi. Mimi sitakuja. Magoti yangu hayataki tena ngazi za meli.

Nawatakia Krismasi njema wewe na wenzako wa ofisini.

C. Lagran


Chuoni
5 Januari 1997

Mwalimu wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili, na bado sielewi. Nilikujibu, ukakiri kwamba nimejibu vizuri, na adhabu yangu ni kwamba huji?

Kuhusu magoti: mama yangu ameniandikia kwamba ulihudhuria misa zote tisa za alfajiri kabla ya Krismasi, kwa miguu, ukipanda kilima cha kanisa na kuwaacha nyuma wanawake wa umri wake. Magoti ya namna hiyo hayaogopi meli.

Basi nitasema ninachokidhani, kwa sababu hukunilea nizunguke. Nadhani unaona haya. Ulinifundisha nije kuwa mtu wa maana katika mahali hapa, na nilichokuwa ni kijana anayewaonyesha watu vyoo. Hutaki kuja kulitazama hilo mbele ya watoto. Kama ndivyo, sema wazi, nami nitalipokea. Usiyasingizie magoti yasiyo na kosa.

Anselmo


Chuoni
26 Januari 1997

Mwalimu wangu mpendwa,

Hujanijibu, na sasa najua kwa nini.

Kuna mama mmoja hapa, Daktari Salud Evangelio, profesa mstaafu, ambaye kila asubuhi hutembea bustanini na kisha huingia ofisini kwetu kupumzisha miguu. Jumanne aliona kona ya lile bati ikichungulia nyuma ya ramani.

"Hee! Biskuti za Marinduque? Lete hapa, kijana, usiwe bahili." Akala moja, akafumba macho. "Kulikuwa na mwalimu mmoja, kila kiangazi alikuja na bati kama hili. Consorcia. Sijui kama bado yuko hai."

"Yuko hai, Daktari. Ni mwalimu wangu. Alikuwa akija huku kufanya nini?"

"Kufanya nini? Kusoma! Alikuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya pili. Alianza kiangazi cha themanini na sita, akaja miaka minne mfululizo. Hakukwambia?"

"Hapana."

"Alibakiza tasnifu tu. Utafiti juu ya bustani za shule, mzuri, mzuri kweli. Kiangazi cha tisini nikamngoja, wapi! Akaniletea barua eti ana mtoto wa kumwandaa kwa mtihani wa kuingia hapa, mbishi asiye na mfano, akimwacha peke yake atabishana na karatasi ya maswali. Nilikasirika, usiseme. Mtu anaacha shahada kwa ajili ya mtoto asiye wake! Hivi alifaulu kweli, huyo mtoto?"

Nilikuwa na biskuti mkononi, Mwalimu. Nikamwambia alifaulu.

"Afadhali," akasema, akaomba nyingine.

Kumbe Februari ile ya mwaka 1987 mwanafunzi wa Chuo alikuwepo miguuni pa Mpanzi. Alikuwa amesimama nyuma, upande wa kushoto, mkono wake begani mwangu. Alikuwa ameshasoma hapa kiangazi kimoja, na hakumaliza. Na mimi, kwa ufasaha wangu wote, nikaenda kuwauliza walinzi na wapishi ili nikuthibitishie kwamba kati ya watu wote waliokuwa pale, ni wewe peke yako uliyepatwa. Kisha nikaandika kwamba kesi imekwisha.

Nakikumbuka kiangazi cha tisini. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mezani kwako, hesabu na sayansi, na feni yako ikinielekea mimi. Nilikununia kwa sababu wenzangu walikuwa mtoni. Nilidhani wewe huna pengine pa kwenda.

Leo sina hoja. Nimeitafuta, si unanijua. Ninachoweza kusema ni kwamba si Mpanzi aliyekuzuia, ni mimi. Na kila mti ninaowaonyesha wageni hapa, kila mfupa wa chatu, kila mbegu ya mpunga, naujua kwa sababu mtu mmoja alibaki nyumbani kiangazi kizima. Asante, Mwalimu. Neno hilo ni dogo na sikuwahi kulisema.

Njoo na watoto. Tutapita ng'ambo ya barabara ukitaka, tumegeuza uso.

Anselmo wako


Kaylumot
9 Februari 1997

Mpendwa Anselmo,

Salud alikuwa na tabia ya kutia chumvi, na naona kustaafu hakujamtibu. Tasnifu ile ilikuwa ya kawaida. Sura ya tatu ilikuwa mbaya.

Na wewe usijipe cheo. Nilikuwa nikisema ni sanamu, sasa wewe unasema ni wewe. Nyote wawili mnajitwalia sifa isiyo yenu. Niliamua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba. Nilidhani kiangazi kinachofuata kingekuwepo. Kilichofuata mama aliugua, na kilichofuata hicho paa la shule likaezuliwa na kimbunga, basi ikawa hivyo. Lakini kuamua ni jambo moja, na kupita mbele ya jengo ulilotarajia kutokea na joho begani ni jambo jingine. Muuguzi aliponiletea Mpanzi, nilimpokea kwa furaha. Sanamu unaweza kuilaumu na isinune. Kisha ukaja wewe na walinzi wako na wapishi wako. Nilikukasirikia kwa siku kadhaa, ikaisha.

Eti naona haya kwa kazi yako! Siku nyingine utakapotaka kuwaza upuuzi wa namna hiyo, uniandikie kwanza nikukataze.

Watoto wanakutayarishia kitu, usiulize. Wameanza kukuita Kuya Anselmo, kama kaka yao mkubwa, na hawajakuona hata kwa mbali. Mwalimu Wilfredo amenunua filimbi ya pili. Kuhusu magoti yangu, nitayauliza asubuhi ya safari.

Mwalimu wako,
Consorcia


Shule ya Msingi Kaylumot
25 Februari 1997

Mpendwa Kuya Anselmo,

Mimi ni Rhodalyn Magturo, yule mwenye nywele fupi aliyekuuliza kama chatu ana mbavu ngapi ukasema swali zuri ukasahau kujibu. Mwalimu Wilfredo amesema kila mtu aandike barua ya shukrani yenye aya nne, mwandiko mzuri, na asitaje kwamba Jomar alitapika. Jomar alitapika.

Asante kwa kutuonyesha Chuo. Mimi nilipenda zaidi kile chumba baridi cha ghala la mpunga. Tulipohema tukaona pumzi zetu zinatoka kama moshi, Girlie akalia akidhani anaungua ndani. Pia asante kwa maji ya moto. Ulisema hutaingia kwa sababu si elimu, halafu uliingia na shati. Pai ya dafu ilikuwa tamu, mimi nilibakiza kipande cha bibi yangu lakini kilifika kimekuwa uji.

Asante pia kwa yale ya kwenye sanamu. Sisi tulifanya mazoezi ya putong, wimbo wetu wa kumvika taji mgeni wa heshima, wiki tatu kwa ajili yako. Tulibeba taji la maua, tulibeba petali kwenye vikapu na sarafu za kurusha, na kiti tukaazima kwa mlinzi. Nilikuwa wa mbele. Mwalimu Lagran akasema, "Anselmo, kaa hapo uimbiwe." Wewe ukasema, "Sikai, Mwalimu." Akasema, "Watoto wamefanya mazoezi wiki tatu!" Ukasema, "Waimbe, ila si kwangu." Akasema, "Yaani hata putong unabishia?" Ukasema, "Nani kanifundisha?" Mwalimu Wilfredo akapuliza filimbi, lakini hamkunyamaza. Halafu ukatugeukia sisi ukauliza nani kawafundisha wimbo huu, tukasema Mwalimu Lagran. Nani kawafundisha kusoma? Mwalimu Lagran! Nani kawafundisha kuzidisha? Jomar akasema Mwalimu Wilfredo, ukamwambia anyamaze. Basi tukaelewa. Mimi na Girlie tukamshika Mwalimu mikono. Akasema, "Hapana, hapana, si hapa, si mbele ya huyu," akimwonyesha Mpanzi kwa mdomo. Lakini alikaa.

Taji lilikuwa kubwa kwa sababu mama yako alituambia una kichwa kikubwa. Likamshuka mpaka puani. Kwa hiyo wimbo wote hakuona kitu. Tuliimba, tukacheza, tukamrushia petali na sarafu, na wewe uliimba pia lakini sauti yako haikuwa kwenye wimbo. Mabega ya Mwalimu yalikuwa yanatikisika. Girlie anasema alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na nasema alikuwa anafanya yote mawili. Wageni wengine wakaja kutazama na wao wakarusha sarafu. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli akamuuliza Mwalimu Wilfredo, "Huyu mama amehitimu nini?" Mwalimu Wilfredo akasema, "Sijui, lakini ndiyo." Wote wakapiga makofi. Yule mpiga picha wa pale akapiga bila kuombwa, na Mwalimu Lagran hakusema hapana. Hiyo ni aya ya nne.

Wako mwaminifu,
Rhodalyn Magturo, Darasa la 6


Kaylumot
20 Aprili 1997

Mpendwa Anselmo,

Nimestaafu. Wamenipa saa ya ukutani, hotuba tano, na wali uliotosha watu wa visiwa viwili. Mama yako alihutubia bila kuombwa, na nusu ya hotuba ilikuwa juu yako.

Salud ameniandikia. Tangu ulipotukutanisha siku ya ziara pale bustanini, tukakaa kwenye benchi kama vibibi wawili na kumsengenya kila mtu aliyekufa, ameshikwa na nguvu mpya. Amekwenda ofisi ya shahada za juu, amebishana nao (sasa naelewa kwa nini mnaelewana), na amenipatia ruhusa: naweza kurudi kiangazi hiki hiki, nimalizie tasnifu. Amenitayarishia hata chumba nyumbani kwake. Nililia, nakuambia ili usisikie kwa mama yako. Sikujua kwamba mlango unaweza kukaa wazi muda wote huo kwa mtu asiyeutazama.

Nimemjibu kwamba namshukuru kwa moyo wangu wote, na kwamba kiangazi hiki nina kazi. Dada mdogo wa Crispulo anataka kufanya mtihani wa kuingia Chuo mwezi wa Agosti, na amemleta rafiki yake, mtoto wa fundi cherehani. Wanakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Salud atanuna, halafu atasema nije mwakani, nami mwakani nitaona. Usije ukajilaumu tena, wala usimlaumu yule wa shaba. Safari hii nimechagua nikijua ninachoacha, na niliamka asubuhi nikiwa mwepesi kama msichana.

Sikuona chochote chini ya lile taji, Anselmo. Nilisikia tu. Nilisikia watoto wangu, nikasikia watu nisiowajua wakipiga makofi, na nyuma yao wote sauti moja mbaya ikiimba kwa nguvu kuliko zote. Nilikuwa nimejiuliza kwa miaka nilikwenda huko kutafuta nini. Asante kwa kunikalisha.

Sasa naacha. Wako barazani, na nasikia mmoja anamfundisha mwenzake kugawanya sehemu. Anamfundisha vibaya. Ngoja niende.

Mwalimu wako,
Consorcia